Umeme Ukikatika Je?

Nauza spea za mashine za boti Kirumba, hapa Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, na bidhaa inayotoka kuliko zote dukani kwangu haijazi hata kiganja. Inaitwa impela. Ni kigurudumu cha mpira chenye mapezi sita, kinakaa chini kwenye mguu wa mashine, kazi yake kuvuta maji ya ziwa na kuyapandisha yakapoze injini. Mapezi yakikatika mashine inachemsha, na ikichemsha saa nane za usiku uko katikati ya maji na taa zako za dagaa, nchi kavu ya karibu ni Ukerewe na hata taa zake huzioni, utakumbuka sala zote ulizofundishwa.

Impela nzima utaijua kwa mchirizi wa maji unaoruka pembeni mwa mashine. Wavuvi wanasema inakojoa. Baba yangu ametengeneza mashine hizo zaidi ya miaka 30 chini ya mwembe nyuma ya duka, na alikuwa haitikii salamu ya mteja kabla hajauliza, "Inakojoa?"

Sasa ikawa yeye ndiye hakojoi.

Ilianzia kwenye kandambili. Jioni akizivua zinaacha mfereji kwenye mguu, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Sisi tunakaa juu kwenye mawe, kama nusu ya mji huu, na zile ngazi alizokuwa akipanda na mashine begani akaanza kuzipumzikia mara mbili, mara tatu. Usiku mito ikaongezeka kichwani, mwishowe akahamia kwenye kiti cha sebuleni, analala ameketi kama mlinzi. Zahanati ya kwanza ikasema pumu, tukapewa dawa ya kuvuta. Ya pili ikasema figo. Jirani akasema ni mafundi wenzake, na namba ya mtu huko Magu akatuandikia. Miezi mitano ikaenda hivyo, na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba katika miezi yote hiyo sikumbuki nani alimfunga kile kitambaa cha presha mkononi.

Hospitali ya Bugando iko juu ya kilima chake, na tangu 1971 watu wa kanda nzima ya ziwa wanapandishwa pale wakiwa hawana pa kwenda tena. Daktari aliyempima eko, kile kipimo cha kuuona moyo kwenye skrini, alikuwa kijana, rika la mdogo wangu wa mwisho. Alimpa Baba shikamoo, akampaka ute wa baridi kifuani, halafu akafanya jambo ambalo sitamsahau nalo: akaigeuza skrini upande wetu. Moyo wa Baba ulikuwa kivuli cha kijivu, kuta zake zikitikisika kidogo tu, kama nyavu zilizoachwa kwenye maji yaliyotulia.

"Hiki chumba cha chini kushoto ndicho kinachosukuma damu mwili mzima," alisema. "Kikijaa, kinatakiwa kitoe zaidi ya nusu kila kinapopiga. Chako mzee kinatoa asilimia 20."

Baba aliangalia muda mrefu. "Kwa hiyo pampu imekufa."

"Haijafa, mzee wangu. Imechoka na imetanuka."

"Impela tunabadilisha."

Daktari alicheka, kisha akaona Baba hatanii.

Nimekuja kuelewa kwamba wazo lile halikuwa la kijinga hata kidogo. Moyo mzima unapiga kama mara 100,000 kwa siku na kusukuma lita 5 hivi kwa dakika. Piga hesabu: ni zaidi ya lita 7,000 kwa siku, yaani mapipa 35 yale makubwa ya mafuta, kila siku, bila servisi. Presha ikikaa juu miaka na miaka bila dawa, ukuta wa moyo unafanya kazi kama mtu anayesukuma mlango ambao upande wa pili kuna mwingine anausukuma. Unanenepa, halafu unalegea. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa 2014 uliwafuata wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi: wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na kwa asilimia 45 yao chanzo kilikuwa presha. Sio wazee wa kukaa barazani hao. Baba alikuwa na 61 na bado anabeba mashine.

Tulirudi nyumbani na mfuko wa dawa na kauli ya kwamba kubadilisha pampu si jambo la hapa. Mimi ningeishia hapo. Lakini mtaani habari ilishafika ikiwa imegeuka: Mzee atawekewa betri ya moyo. Na binamu yangu aliyeko Texas aliposikia "betri" akatuma video kwenye simu: mwanaume mzima, ameketi jikoni kwake anakunywa kahawa, ana waya unatoka tumboni na betri mbili zimening'inia mabegani kama bastola za polisi wa kwenye sinema. Anasema moyo wake unasaidiwa na pampu, tena mkononi hana mapigo.

Baba aliitazama mara nne, kisha akaniambia, "Tafuta hii kitu inafanyaje kazi."

Kwanza tuitoe njiani hiyo betri ya moyo, maana watu wanachanganya. Ile ambayo watu huwekewa chini ya mtulinga, hata Dar es Salaam pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanaiweka, haisukumi damu. Inatoa cheche tu, moyo upige kwa wakati. Baba alilimaliza kwa neno moja: "Plagi." Plagi mpya haisaidii mashine ambayo impela imekwisha.

Pampu yenyewe ina historia ndefu, nyingine ya kutisha. Tarehe 6 Mei 1953, huko Philadelphia, daktari John Gibbon alimfanyia upasuaji binti wa miaka 18 huku mashine ya nje ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake kwa dakika 26. Hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Baadaye wakataka kitu cha kubaki mwilini. Mwaka 1982 huko Utah daktari wa meno aliyestaafu, Barney Clark, alitolewa moyo wake na kuwekewa wa kutengenezwa, ukiendeshwa kwa hewa kutoka kwenye mtambo mkubwa kama friji. Mabomba mawili yalimfunga kwenye mtambo huo. Aliishi siku 112. Nilimsomea Baba, akakaa kimya, kisha akasema, "Siku 112 na friji. Hapana."

Ila hapo ndipo palipo na jambo ambalo limenikalia kichwani kuliko yote, na nitalieleza polepole kwa sababu linanihusu kibiashara.

Kwa miaka mingi mainjinia walijaribu kuuiga moyo. Moyo unapiga, basi na pampu ipige. Wakatengeneza mifuko inayojaa na kuminywa, yenye valvu kama za moyo. Zilifanya kazi: kwenye utafiti uliotoka 2001, wagonjwa 129 ambao hali zao hazikuwaruhusu hata kupandikizwa moyo waligawanywa, wengine pampu, wengine dawa peke yake. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kundi la pampu walikuwa hai asilimia 52, kwenye kundi la dawa 25. Ni tofauti kubwa. Lakini pampu zenyewe zilikuwa kubwa kama embe dodo lililonenepa, zinapiga kelele, na zinachakaa mapema, kwa sababu kila kinachokunjwa na kukunjuliwa mara 100,000 kwa siku mwisho wake ni kupasuka.

Wazo la pili halikutoka kwenye moyo kabisa. Miaka ya 1970 daktari wa Marekani aitwaye Richard Wampler alikuwa Misri, akawaona wanakijiji wanapandisha maji shambani kwa ile skrubu ya Archimedes: bomba lenye mzunguko wa parafujo ndani, unazungusha mpini, maji yanapanda. Akajiuliza kwa nini damu isipandishwe hivyo hivyo. Akatengeneza skrubu nyembamba ya kupenyezwa ndani ya mshipa hadi moyoni, ikizunguka kwa kasi ya ajabu, na mwaka 1988 ikatumika kwa mgonjwa wa kwanza. Watu wengi walikuwa na hakika kwamba damu ingesagwa ikawa uji. Haikusagwa.

Misri yenye mashamba ni Nile tupu. Na maji ya Nile, tukiwaachia Waethiopia sehemu yao, yanatoka hapa, yanapita mbele ya duka langu yakielekea Jinja, Uganda, mto unapoanzia. Sisemi chochote kwa hilo. Nasema tu kwamba nilipomsomea Baba, aliweka kikombe chini na kugeukia dirishani.

Kutoka hapo pampu zikaacha kupiga, zikaanza kuzunguka. Pampu ya siku hizi inatosha kushikwa kwa mkono mmoja. Mdomo wake unashonwa kwenye ncha ya chini ya moyo, upande ule ule wa kushoto. Damu inaingia, gurudumu lenye mapezi linaitupa kwenye bomba laini, bomba limeshonwa kwenye aota, mshipa mkuu. Moyo wenyewe hautolewi. Unabaki pale pale, unapumzika huku mwenzake akivuta. Moja ya pampu hizo, HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani 2017, huzunguka mara 5,000 na kitu kwa dakika. Kwa mtu wa Mwaloni hiyo ni mashine ya boti iliyofunguliwa mpaka mwisho, mchana na usiku, miaka.

"Na beringi?" Baba aliuliza. Fundi ni fundi. Nikamwambia pampu iliyotangulia ilikuwa na beringi za rubi zikiogelea kwenye damu, na damu ikipata pa kukwama inaganda. Hii mpya haina beringi. Gurudumu linaelea katikati kwa nguvu ya sumaku, haligusi ukuta wowote, na kila baada ya sekunde mbili mwendo unabadilishwa kidogo ili damu isituame kwenye kona.

"Linaelea," alisema.

"Linaelea, Baba."

Alinitazama kama nimemuuzia spea feki.

Si kwamba mambo yote ni sukari. Mwaka 2021 pampu moja iliyokuwa ikitumika sana, HVAD, iliondolewa sokoni. Pamoja na kuonekana kuleta kiharusi zaidi, ilikuwa mara nyingine ikisimama inachelewa kuwaka tena au inagoma kabisa. Kwa boti tunaweka makasia kwa ajili ya siku hiyo.

Sasa hilo la mapigo. Pampu ikizunguka bila kupiga, damu inatembea kama maji ya bomba, na wagonjwa wengi ukiwashika kifundo cha mkono hukuti kitu. Mashine ya kawaida ya presha nayo inachanganyikiwa; manesi hutumia kipimo cha mawimbi ya sauti kusikiliza damu ikipita. Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, aliishi na pampu ya aina hiyo kuanzia 2010 hadi alipopandikizwa moyo 2012. Shangazi yangu alipoisikia akaona balaa upande mwingine kabisa: "Siku akizimia kijijini, mtu akamshika mkono, si watamwosha na kumvika sanda akiwa hai?" Tulicheka hadi Baba akakohoa. Lakini ana hoja. Wagonjwa hao hubeba kadi ya kueleza kwamba wao hawana mapigo na kwamba sauti ya mvumo kifuani ndiyo dalili ya uhai.

Nikafikia sehemu ya betri. Waya mmoja unatoka kwenye pampu, unapita chini ya ngozi na kutokeza tumboni. Nje unaingia kwenye kiboksi cha kuongozea, kiboksi kinakula betri mbili. Betri hizo zikijaa zinaweza kufika saa 17. Usiku unajichomeka ukutani. Hapo Baba akanyanyua kidole, na nilijua anachotaka kuuliza kabla hajafungua mdomo, kwa sababu kila Mtanzania angeuliza hicho hicho.

"Umeme ukikatika je?"

Nikadhani limeishia pale. Kumbe ndipo alipoanzia. Kesho yake alinituma daftari la kaunta, lile refu.

Huku mimi naendelea kusoma, nikagundua kwamba umeme ndio mdogo. Tundu la waya tumboni linafungwa bendeji safi daima, maana kijidudu kikiingia pale kinatembea na waya hadi kwenye pampu. Huruhusiwi kuogelea, hata kujizamisha kwenye beseni. Mtu wa ziwani asiingie ziwani. Unameza wafarini damu isigande, na wafarini ni dawa yenye wivu: ikizidi unavuja damu, ikipungua unapata bonge, kwa hiyo damu inapimwa kila mara ibaki kati ya 2 na 3 kwenye INR, kipimo cha kuganda kwa damu. Na inagombana na mboga za majani. Mchicha, matembele, kisamvu, vyote si marufuku, ila ule kiasi kile kile wiki hadi wiki, usile sufuria nzima leo kwa sababu mvua imenyesha. Nyumbani anatakiwa mtu aliyefundishwa kubadilisha betri na bendeji, simu ipatikane, na wanaoijua pampu wawe karibu. Bei ya kifaa peke yake, kabla ya chumba cha upasuaji, inahesabika kwa makumi ya maelfu ya dola. Niliibadilisha kwenye shilingi mara moja tu, nikafuta.

Zipo na za muda, za kumvusha mtu siku chache hospitalini. Baluni ndani ya aota, ambayo Adrian Kantrowitz aliitumia kwa mgonjwa mara ya kwanza 1967, hujazwa moyo ukipumzika na kunywea moyo ukisukuma. Wajukuu wa ile skrubu ya Wampler wanaingizwa kwa mshipa wa paja. Hizo ni za wodi ya wagonjwa mahututi, nazipita.

Nitasema ninavyoona mimi, muuza spea. Nikiulizwa kanda hii ianze na nini, sitataja pampu ya sumaku. Nitataja kitambaa cha presha na mtu anayelazimika kukifunga kila mgonjwa anapoingia mlangoni, hata amekuja na jino. Baba angekutwa miaka 10 kabla. Impela haifi ghafla. Anayeiua ni mwenye boti anayeona mchirizi umepungua na bado anaendelea.

Dawa zilifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Ya kupunguza maji, furosemaidi, watu wanaiita Lasix, siku ya kwanza ilimpeleka chooni hadi akaacha kuhesabu. Mara ya saba au ya nane aliporudi alisimama mlangoni, ameshika ukuta, akatangaza kwa nyumba nzima: "Inakojoa!" Mama alilia. Sijui kama ni kwa kucheka.

Daktari alitaka apimwe uzito kila asubuhi, kwa sababu maji yakianza kurudi mwilini mzani unajua kabla ya miguu. Kilo mbili ndani ya siku tatu, piga simu. Mzani wa bafuni hatuna. Tuna jirani wa gunia za dagaa, mwenye mzani mkubwa wa sakafuni, na sasa kila saa moja kamili asubuhi, kabla magunia ya kwanza hayajapandishwa, Baba anavua kandambili na kupanda. Wapagazi wamezoea. "Gunia la mzee leo?" wanauliza. "Sitini na nane na nusu." Kuna siku alisoma 71, mpagazi mmoja akanipigia simu mimi kabla Baba hajashuka.

Tuliporudi kwa daktari baada ya miezi minne moyo ulikuwa asilimia 32. Si wa kijana, lakini alishapanda ngazi za nyumbani akipumzika mara moja tu. Baba alichomoa lile daftari la kaunta kwapani. Kumbe alikuwa ameandika kila umeme ulipokatika nyumbani: tarehe, saa ulipoondoka, saa uliporudi, jumla kwa kalamu nyekundu. Miezi minne yote. Mrefu kuliko yote ulikuwa saa 11 na dakika 20, usiku wa mvua.

"Betri ni saa 17," alimwambia daktari. "Ninafaulu."

Daktari alipokea daftari, akafunua kurasa moja moja hadi mwisho. Hakusema kifaa hakipo. Alishasema mara ya kwanza. Akamwuliza betri ikiisha inachukua saa ngapi kuchaji.

"Nne," Baba alisema. "Hilo nalo nimelipigia hesabu, ukurasa wa nyuma."